Leaf ya dada yangu: barabara ya Maseno na usiku wa Kapsoit

Simu ya dada iliingia saa tatu na robo usiku, Mei 2024, mvua ikinyesha Nakuru kama ilivyonyesha kila mahali mwezi ule. Hakunisalimia. "Gari limeonyesha kobe," aliniambia. "Tuko Kapsoit."

Wenye Nissan Leaf, gari la umeme tupu, wanamjua kobe huyo. Ni picha ndogo ya manjano inayowaka kwenye dashibodi betri inapofika tone la mwisho. Ikishawaka, kanyaga utakavyo, gari halikimbii tena. Linatambaa mita chache chache mpaka lisimame lenyewe.

Jioni hiyo mama yetu alikuwa amelazwa hapa Nakuru, presha imempanda ghafla. Dada ni muuguzi, na hakuna muuguzi atakayeambiwa namba ya presha kama ile ya mama yake kisha alale akingoja matatu ya alfajiri. Waliondoka Mamboleo, Kisumu, saa moja na nusu: yeye, shemeji na watoto wawili, betri ikisoma asilimia 90. Kutoka Kisumu hadi Nakuru ni kilomita 185 hivi. Walikwama kabla hata ya kufika Kericho mjini.

Tangu usiku ule nimesikia watu wa aina mbili wakikisimulia kisa hiki. Wa kwanza wanasema gari la umeme ni mchezo wa matajiri wa Nairobi, sisi wa huku tubaki na petroli yetu. Wa pili wanasema gari halikuwa na kosa, ni wao waliokosa akili. Mimi ni fundi wa umeme wa majumba, nimekifuata kisa hiki tangu siku gari lilipoingia uani, na daftari la hesabu zake ninalo. Gari lililowaacha kwenye mvua Kapsoit ndilo hilo hilo linalomfikisha shemeji kazini kila siku kwa chini ya nusu ya gharama ya zamani. Yote mawili ni kweli, na kila moja lina sababu yake.

Nianze na siku ya kununua. Ilikuwa Oktoba 2023, mwezi ambao lita ya petroli ilifika shilingi 217.36 Nairobi, na Kisumu hawakupata nafuu. Shemeji anafundisha upande wa Maseno. Kila asubuhi hutoka Mamboleo, anamshusha dada kazini mjini, kisha anashika barabara ya Busia, anapita uwanja wa ndege, anapita Kisian, anapanda hadi Maseno. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 65. Walikuwa na Toyota ya injini ya 1300, gari zuri tu, likitumia lita moja kwa kilomita 14. Kwa siku 24 za kazi hiyo ni lita 111. Zidisha kwa 217 uone: zaidi ya shilingi 24,000 kwa mwezi, kabla mtoto hajanunuliwa hata daftari.

Basi wakaenda yadi ya magari yaliyotumika. Waliuza Toyota kwa 700,000, wakachukua 950,000 kutoka sako ya walimu, wakanunua Leaf ya mwaka 2016 yenye betri ya uniti 30. (Naziita uniti, yaani kilowati-saa, zile zile za tokeni za stima, kwa sababu ndizo kila mtu nyumbani anazijua.) Ushuru wa bidhaa kwa gari la umeme tupu ulishushwa hadi asilimia 10 mwaka 2019, na hiyo ilisaidia bei kidogo. Muuzaji akawaambia: ukijaza, unaenda kilomita 172. Namba hiyo hakuitunga. Ni kipimo cha Wamarekani cha gari hilo likiwa jipya. Ila gari lililokuwa mbele yao lilikuwa na miaka saba, na hapa ndipo gari la umeme linapoachana na la petroli kwa namna ambayo wanunuzi wengi hawajaizoea. Sheria yetu inakataza kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo yanayofika yadi zetu kwa bei ya mwalimu ni yale yaliyokwisha kula miaka mitano, sita, saba Japani. Tangi la petroli la miaka saba linabeba lita zile zile lilizobeba likiwa jipya. Betri ya miaka saba imesinyaa.

Imesinyaa kiasi gani? Leaf ina vistari kumi na viwili pembeni mwa kipimo cha chaji, vinavyoonyesha afya ya betri. Ya dada ilikuwa na kumi. Shemeji ni mwalimu wa hesabu, akapiga kichwani: kumi kwa kumi na mbili ni asilimia 83, si mbaya. Lakini vistari vile havilingani. Cha kwanza kuzimika huondoka na kama asilimia 15 ya betri peke yake, na kila kinachofuata huondoka na sita na kitu. Vikibaki kumi, betri iko kati ya asilimia 72 na 79. Nilipokuja baadaye na kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na programu ya LeafSpy kwenye simu, nilisoma 76. Kwa hiyo betri ya uniti 30 ilikuwa imebaki na 22 na nukta nane, na katika hizo gari lenyewe hukuachia utumie kama 21. Kifaa hicho ni cha bei ndogo sana ukilinganisha na gari. Mtu yeyote anayekwenda kununua Leaf na asiende nacho anafanya kama mtu anayenunua ng'ombe gizani.

Hata hivyo, kwa barabara ya Maseno, uniti 21 zilitosha na kubaki. Maseno iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Kisumu iko 1,130. Asubuhi gari linakula uniti sita hivi likipanda. Jioni shemeji akishuka, mota inageuka jenereta, inashika gari badala ya breki na kurudisha umeme kwenye betri, anafika nyumbani ametumia tatu tu. Jumla tisa. Kwenye mita ya nyumbani zinasomeka karibu kumi na moja, kwa sababu kuchaji nako kuna upotevu wake. Wiki ya pili aliniambia kwa simu kwamba anashuka kutoka kwenye lile bango la Ikweta hadi Kisian karibu bila kugusa breki, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye furaha.

Tatizo la kwanza lilitoka ukutani, si barabarani.

Desemba nilikwenda Kisumu kwa likizo. Usiku wa kwanza, tukiwa sebuleni, mtoto mdogo wa dada aliuliza ni nani anakaanga samaki. Hakuna aliyeshtuka. Hiyo ni Kisumu, jirani gani asiyekaanga samaki saa mbili usiku? Mimi nilisimama. Plastiki ya soketi ikianza kuungua hutoa harufu inayofanana sana na samaki. Nilifuata pua yangu hadi kwenye ukuta wa nyuma wa jikoni, ambako waya wa chaji ulipitishwa dirishani hadi nje. Soketi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nilipozima na kujaribu kuchomoa plagi, haikutoka. Pini moja ilikuwa imeshikana na plastiki iliyoyeyuka, na nilipoivuta kwa nguvu ilitoka na kipande cha soketi, kikiwa bado cha moto kiasi cha kunichoma kidole gumba.

Sababu ilikuwa wazi. Waya ule ulikuja na gari kutoka Japani, na huko hutengenezwa kwa volti 200. Sisi tuna 240. Unavuta ampea 15. Fundi fulani alikata plagi yake ya Kijapani akafunga ya kawaida ya pini tatu, ambayo mwisho wake ni ampea 13. Pasi au birika la stima linaweza kuvuta kiasi kinachokaribia hicho, lakini kwa dakika tano. Gari linavuta kwa zaidi ya saa tatu mfululizo, kila usiku. Na ndani ya ukuta waya ulikuwa ule ule unaolisha friji na soketi zote za jikoni. Nyumba ingeungua, na watoto wanalala chumba cha pili kutoka hapo. Nikiandika haya bado mwili unanisisimka.

Nilitumia siku mbili. Nilivuta laini ya peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita sita, nikaweka breka yake na swichi ya kukata umeme ukivuja, na nje nikafunga soketi ya buluu ya viwandani yenye kifuniko cha mvua. Tukanunua chaja iliyotengenezwa kwa volti zetu. Nilipoichomeka iliwaka taa nyekundu ikakataa katakata. Nilipopima ethi, ile njia ya kupeleka umeme unaovuja ardhini, ilikuwa kama haipo: waya wa kijani na njano ulishuka ukutani vizuri, ukaishia kwenye tope, bila chuma chochote chini. Miaka yote hiyo familia ilikuwa inatumia jiko la stima kwenye nyumba isiyo na ethi na hakuna aliyejua. Tulipigilia chuma kipya, ndipo chaja ikakubali. Kazi yote pamoja na chaja ilikula shilingi 48,000, na hakuna mtu kule yadi aliyewahi kuwatajia gharama hiyo.

Usiku wa 10 Desemba stima ilipotea karibu nchi nzima. Gari lilikuwa na asilimia 45, na kesho yake lilimfikisha dada kazini na kumrudisha. Nalitaja hili kwa sababu swali la kwanza ninaloulizwa ni "stima ikipotea je?" Kwa mtu anayetumia nusu ya betri kwa siku, stima kupotea usiku mmoja kunavumilika. Usiku wa pili unaanza kuuma. Kilichowasumbua zaidi ni umeme dhaifu wa jioni: kati ya saa moja na saa tatu, mtaa mzima ukipika na kupiga pasi, volti zinashuka mpaka chaja inajikata. Tuliweka saa ya gari ianze kuchaji saa nne usiku. Hapo yakaisha.

Sasa fedha, na nitasema kama zilivyo. Uniti 260 kwa mwezi, kwa bei waliyolipa mwishoni mwa 2023 ya shilingi 33 hivi pamoja na kodi zote, ni kama 8,600. Kuna kitu kingine ambacho hakuna aliyekihesabu. Bei ya stima ya nyumbani inapangwa kwa madaraja: chini ya uniti 30, kutoka 30 hadi 100, na zaidi ya 100. Familia hii ilikuwa inatumia kama 80 na kulipa bei ya daraja la kati. Gari liliwasukuma daraja la juu, na huko bei mpya inashika kila uniti, hata ya balbu ya choo. Hiyo iliongeza kama 450. Kwa hiyo tisa elfu badala ya ishirini na nne. Petroli iliposhuka hadi karibu 180 mwishoni mwa 2024, stima nayo ilikuwa imeshuka hadi karibu 29, hesabu ikawa elfu nane dhidi ya elfu ishirini. Weka na sevisi: Toyota ilidai oili na filta kila kilomita 5,000, kama shilingi 2,000 ukigawa kwa mwezi, na Leaf haina oili ya injini ya kubadilisha. Brekipadi zake nilizitazama juzi, hazijaguswa.

Akiba, basi, ni kati ya elfu kumi na nne na kumi na saba kwa mwezi. Mkopo wa sako ni elfu ishirini na tano kwa mwezi kwa miaka minne. Yule anayekwambia gari la umeme linajilipa lenyewe, mwombe akuonyeshe daftari. La dada linalipa zaidi kidogo ya nusu ya mkopo wake. Lingejilipa vizuri zaidi kama wangepata bei maalumu ya magari ya umeme iliyowekwa tangu Aprili 2023, shilingi 16 kwa uniti mchana na 8 usiku kabla ya tozo, lakini hiyo inataka mita yake ya pili. Wamejaza fomu. Wanangoja.

Nina jambo moja hapa linalonigusa binafsi. Sehemu kubwa ya stima anayochaji dada inatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, Naivasha, kaunti yangu mwenyewe, na kwenye maji ya Sondu Miriu, mwendo mfupi tu kutoka kwao. Petroli yote tunayonunua tangu mtambo wa kusafisha mafuta wa Mombasa uliposimama mwaka 2013 inakuja kwa meli ikiwa imeshasafishwa, tunailipa kwa dola, kisha inasukumwa kwa bomba kutoka pwani hadi Kisumu. Bei yake inatangazwa tarehe 14 kila mwezi, na kila mwezi nchi nzima inashika tama. Kwangu mimi, mwalimu anayekwenda kazini kwa mvuke wa Naivasha ni kitu kizuri, na sitaki usiku mmoja wa Kapsoit ukifute.

Lakini usiku ule ulikuwa na sababu, na zinaweza kuandikwa kwenye karatasi moja.

Kisumu iko mita 1,130. Kericho iko karibu 2,000. Kuinua gari la kilo 1,500 lenye watu wanne na mizigo yao kwa mita 900 kunadai uniti tano, mbali kabisa na zile za kwenda mbele. Kwenda mbele, kwenye mvua, vipangusio vikifanya kazi, taa zote zikiwaka na hita ikipuliza kioo kisifanye ukungu, kulidai nyingine kumi na mbili na zaidi. Betri yenye uniti 21, ikiwa asilimia 90, ina kumi na tisa. Hapo tayari umefika Kericho bila akiba, na ukikimbiza gari kwa kuwa mama yako yuko hospitali, hufiki. Kutoka Kisumu hadi Ahero, hadi Awasi, barabara ni tambarare ya Kano na kipimo kilisema wana kilomita za kutosha na ziada. Kipimo hicho kinakisia kwa jinsi ulivyoendesha dakika zilizopita. Hakijui kwamba mbele kuna mlima. Baada ya Kipsitet, shemeji aliniambia, namba zilianza kushuka mbili mbili kwa kila kilomita moja. Dada alizitazama kimya, kisha akazima hita, akashusha kioo kidogo na kuanza kupangusa kioo cha mbele kwa leso ya mtoto.

Watu huuliza mbona Toyota ilikuwa ikipanda mlima huo huo bila neno. Ilikuwa ikiteseka, ila haikuonekana. Tangi lake la lita 42 lina nishati inayozidi uniti 370. Injini ya petroli inatupa karibu robo tatu ya hizo kama joto kwenye rejeta na ekzosi, na bado inabakiwa na tisini za kusukuma magurudumu. Mota ya Leaf haitupi karibu chochote, lakini ilianza na 21. Gari la petroli ni tajiri mbadhirifu, na la umeme ni mtu mwangalifu mwenye mshahara mdogo. Msiba ukitokea usiku, tajiri mbadhirifu anaweza kutoa, na zikimwishia, kituo cha mafuta kinamjaza kwa dakika tatu.

Nilitoka Nakuru saa tatu na nusu na Probox yangu. Salgaa kulikuwa na foleni ya trela, Mau Summit ukungu. Nilifika Kapsoit karibu saa sita usiku. Niliwakuta kwenye kituo cha mafuta, watoto wamelala kiti cha nyuma wamefunikwa kanga, na dada amesimama nje chini ya paa la pampu, simu mkononi, akizungumza na muuguzi wa zamu wa Nakuru: "Sista, nisomee tena ya juu na ya chini." Mwenye kituo, mzee mwungwana sana, alikuwa amewapa soketi ya ofisini bila kudai kitu. Haikuwafaa. Chaja niliyowanunulia ina plagi ya buluu ya viwandani, na plagi hiyo haiingii kwenye soketi ya kawaida popote duniani. Niliwafungia nyumbani njia salama na sikuwaza safari. Lile ni kosa langu na nimeliombea radhi. Ingawa hata ingeingia, kufika Nakuru kutoka pale kulidai uniti kama 18 zaidi, na kwa soketi ya kawaida, ukivuta ampea kumi kwa usalama, hizo ni saa nane au tisa za kungoja.

Tuliliacha gari pale. Dada alifika kando ya kitanda cha mama saa nane na nusu usiku. Mama alikuwa macho. Namba zilikuwa zimeshuka, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama watoto wamekula.

Siku ya tatu, mama akiwa ameruhusiwa, shemeji alipanda matatu hadi Kapsoit na kipande cha waya nilichomfungia: upande mmoja soketi ya buluu, upande mwingine pini tatu, na chaja nimeishusha ivute ampea kumi tu. Alichaji kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, akapata uniti kama kumi. Kushuka Kisumu kilomita zote zile alitumia nane. Mteremko ulirudisha sehemu nzuri ya kile mlima ulichokula.

Baada ya hapo kikao kilikaa Mamboleo, na sikukosa. Shemeji alitaka kuuza Leaf na kurudi petroli. Alikuwa ameumia, na nilimwelewa, mwanamume hapendezwi kuona mkewe akilia chini ya paa la kituo cha mafuta. Nilimwomba tuandike safari za mwaka mzima kwanza. Zikawa hivi: Maseno, siku zaidi ya 230. Nyumbani kwao Siaya, kilomita sabini hivi na milima midogo, mara nane au tisa, na huko wanachomeka usiku, wanarudi kesho. Nakuru kwa mama, mara tano. Kakamega mara mbili tatu, si shida. Ni safari tano tu zilizolishinda gari, lakini ni zile tano za mama.

Niliwaonyesha pia Leaf ya betri ya uniti 40, kwa kuwa shemeji alidhani kuongeza kidogo kutamaliza tatizo. Ikiwa na afya ya asilimia 88, ina kama 33 za kutumia. Hadi Kericho kumi na nane, hadi Mau Summit kwenye mita 2,500 hivi nyingine kumi, kisha kushuka Nakuru tano au sita. Unafika langoni betri ikiwa sifuri, siku ya jua, bila haraka. Kwa barabara hii nisingempa mtu ushauri huo bila chaja ya haraka ya uhakika Kericho, ile inayojaza sehemu kubwa ya betri kwa chini ya saa moja, na usiku ule hawakuwa na ya kukimbilia.

Kukodi gari la petroli Kisumu kwa siku mbili mara tano kwa mwaka kungekula kama elfu arobaini na tano bila mafuta. Akiba ya mwaka ni zaidi ya mara tatu ya hiyo. Hesabu ilikubali. Dada ndiye aliyekataa: "Ndugu yangu, saa moja na nusu usiku, mvua inanyesha, nani ananikodishia gari?" Alikuwa na haki, na hesabu yangu haikuwa na jibu. Jibu lilitoka kwa jirani mwenye Probox anayepeleka maziwa mjini. Wamekubaliana, na kwa maandishi: wakati wowote, usiku au mchana, dada anachukua Probox ikiwa na tangi nusu au zaidi, na jirani anabaki na Leaf apeleke maziwa yake mpaka warudi. Bima zote mbili zimeangaliwa. Wameshabadilishana mara nne, na jirani sasa ameanza kuniuliza bei ya soketi ya buluu.

Februari 2025 dada alinipigia, sauti imeshuka. Kistari cha kumi kilikuwa kimezimika, vimebaki tisa. Nilimwambia achomeke kile kifaa anisomee. Asilimia 72. Uniti za kutumia ni kama ishirini, safari ya Maseno inataka tisa. Jioni ile shemeji alinitumia picha ya dashibodi akiwa ameegesha nyumbani, baada ya Maseno kwenda na kurudi: asilimia 52, na kwa mbali kwenye kioo, mtoto ameshika plagi anangoja aambiwe achomeke.